Theluji Niliyoingojea Yamumbi

Leo nimejiaibisha mbele ya mama mkwe, na silaha niliyotumia ni panga langu mwenyewe. Wacha niwaambie nikiwa bado na hasira, kwa sababu nikipoa nitaanza kudanganya.

Chanzo ni wivu. Nimesema. Tuendelee.

Bwanangu Kibet ana ndugu mkubwa aliye Kanada na mke wake, Salome. Huku kwetu wake za ndugu huitana mke mwenza, hata kama kila mtu ana bwana wake. Kwa hivyo Salome ni mke mwenza wangu. Ana nyumba ya mawe hapa jirani, Kapseret, vyumba vitano, na hakuna anayelala ndani ila mlinzi na paka. Mimi nina nyumba ya mabati hapa Yamumbi, vyumba viwili, na ndani tumejaa.

Lakini nina bustani. Na nina kidimbwi cha samaki, ambacho Kibet alikichimba kwa mikono yake likizo ya Aprili (yeye ni mwalimu, kule Plateau). Sitaki kujisifu, ila watu wakipita kwa lango langu hupunguza mwendo. Sukuma zangu hufika kiunoni. Maua ya dahlia ni makubwa kama kichwa cha mtoto. Hata yule mama jirani asiyenisalimia huja kuomba dhania.

Sasa sikilizeni shida ilipo. Wifi yangu mdogo, Chebet, anaposwa. Jumamosi ya wiki ijayo kuna koito, ile siku wazee wa upande wa kijana wanakuja kukaa na wazee wetu waongee mambo ya posa. Kawaida ingefanywa kwa mama mkwe, lakini nyumba yake imeng'olewa mabati, mafundi wako juu na hawana haraka ya kushuka. Kwa hivyo ni lazima iende kwa mmoja wa wana wake. Kwangu au kwa Salome.

Nimeolewa miaka minne. Mimi ni Mkikuyu wa hapa hapa Yamumbi, niliingia kwa Wakalenjin na miguu yote miwili. Nimejifunza hata kutengeneza mursik, yale maziwa yao ya kugandisha (kibuyu cha tatu kilikubali, viwili vya kwanza tusiviongelee). Lakini hakuna shughuli ya familia iliyowahi kufanywa kwangu. Hata moja. Kila mara mimi ndiye wa kubeba sufuria kupeleka kwa watu, halafu jioni nazirudisha zikiwa na masizi. Hii koito niliitaka kuliko ninavyotaka sofa, na Kibet atawaambia vile nataka sofa.

Jumapili iliyopita Salome akatuma video kwa grupu ya familia.

"Hamjambo familia," anasema kwa ile sauti yake. "Winter imekuja mapema mwaka huu, naweka bustani tayari."

Amevaa jaketi nene kama godoro. Anakata maua mpaka chini. Anakata mmea unaotambaa kwa ukuta, anaukatakata vipande vidogo, anafunika udongo navyo. Miti michanga anaifunga na gunia. Halafu anaenda kwa kidimbwi (ndiyo, ana kidimbwi, na chake kimezungushiwa mawe ya duara kama cha hoteli), anatandaza wavu juu ili majani yasianguke ndani, na chini ya wavu anaachilia mpira uelee. Anasema mpira unazuia barafu isizibe maji yote, samaki wapate pumzi. Hata samaki wake wanawaziwa pumzi.

Wakati huo nilikuwa kwa mama mkwe nikimshikia simu, kwa sababu macho yake hayaoni vizuri. Akatazama mpaka mwisho. Akavua miwani, akaifuta na leso.

"Angalia vile huyu msichana anajua kutunza boma," akasema. "Hata mimea anailaza kama mtoto."

Nikaendelea kumshikia simu.

"Sisi huku tunaacha tu vitu vimesimama."

Sisi nani? Hapo ndani tulikuwa mimi, yeye na kuku. Kuku hana bustani.

Nilirudi nyumbani nikaitazama hiyo video mara kumi na moja. Bando ya wiki ikaisha Jumatatu. Kila nikiitazama naona kitu kipya cha kunikera: glavu zake, zile ngazi za mbao, vile anapiga magoti na trauza nyeupe na haichafuki.

Jana jioni mama mkwe akapiga simu. "Mama Cherop, kesho saa tisa nakuja na Mama Tecla tuangalie boma lako."

"Mnakuja kuangalia nini, Mama?"

"Boma," akasema, akakata.

Nikajua ni ukaguzi. Anakuja kupima kama boma langu linatoshana na la yule wa Kanada. Nikaamua akifika atakuta kila kitu kimelazwa mpaka kinakoroma.

Na kabla mniulize: nilisoma jiografia mpaka kidato cha nne, na nikapita. Najua Yamumbi haina theluji. Lakini wivu haukusoma jiografia. Tena baridi ya Eldoret si mchezo. Mwaka jana mvua ya mawe ilipiga sukuma zangu zikabaki na matundu kama chujio. Nikajiambia hii ni tahadhari tu. (Nilikuwa na sababu tano kama hizo. Zote zilisikika vizuri kichwani.)

Leo asubuhi Kibet akatoka saa kumi na mbili na nusu. Akasimama mlangoni akatazama bustani.

"Usijisumbue sana leo," akasema. "Boma liko sawa."

Nikamwambia aende, atachelewa asembli. Wanaume hawajui vita viko wapi.

Nikanoa panga. Nilianza na dahlia. Ya kwanza ilikuwa ngumu, nilihisi kama nachinja. Ya kumi nilikuwa nimezoea. Msichana wangu Cherop, ana miaka minne, alikuwa ananifuata nyuma akiokota vichwa vya maua.

"Mama, kwani maua yamekosea?"

"Hayajakosea. Yanalala."

"Mbona hayana kichwa?"

Nikamwambia aende akacheze.

Nikafika kwa sukuma. Hapo nilisimama dakika nzima, kwa sababu video haikusema chochote juu ya sukuma. Lakini ukilaza maua na uache sukuma imesimama, si itaonekana ni kazi nusu? Nikakata. Mstari wote. Nikajifariji kwamba tutakula mboga mpaka Krismasi.

Halafu nikageukia fensi. Kwa video Salome alikata mmea wake wa kutambaa. Mimi mmea wa kutambaa nilikuwa nao mmoja, sinendet, ule ambao Wakalenjin huufanya shada wakamvisha mgeni wa heshima shingoni. Wangu ulikuwa umefunika fensi kutoka lango mpaka choo. Mama mkwe aliupanda mwenyewe mwaka nilioolewa. Na hapa ndipo akili yangu iliponiacha kabisa, kwa sababu niliwaza hivi: akiona nimelaza ule wake vizuri kuliko yote, atajua namheshimu.

Nikaishusha sinendet yote. Inatoa maziwa meupe yanayonata, mikono yangu mpaka sasa inashikana kama ya mtu aliyemwagikiwa na gundi. Nikaikatakata vipande vya urefu wa kidole, kama kwa video, nikafunika udongo navyo kutoka mwisho mmoja wa bustani hadi mwingine. Nikasimama nikatazama. Ilikuwa nadhifu sana. Ilifanana na Kanada kabisa, ukiondoa ng'ombe wa jirani.

Miti ya avokado ninayo mitatu, bado michanga. Magunia nilikuwa nayo mawili. Ule wa tatu, ulio karibu na lango, nikauvisha sweta kuukuu ya Kibet, nikaifunga vifungo mpaka juu. Kilele kilikuwa bado nje, nikakivisha kofia yake ya baridi.

Ikabaki kidimbwi. Wavu kama wa Salome sikuwa nao. Nikaingia chumbani nikatoa neti ya mbu ya kitanda cha mtoto, nikaitandaza juu ya maji, nikaishikilia na mawe pande zote. Nikachukua mpira wa Cherop, ule wa njano, nikauingiza chini ya neti uelee. Cherop akalia. Nikamwambia ni wa samaki sasa, wapate pumzi. Akalia zaidi.

Ilikuwa saa saba. Jua lilikuwa linachoma utosi. Jasho lilinitoka mpaka kwa kope, na mimi niko hapo nazuia barafu.

Saa tisa kamili nikasikia lango. Nilikuwa nimeoga, nimefunga kitambaa kizuri, chai iko kwa thermos. Nikajificha kidogo nyuma ya dirisha nione watakavyoshtuka.

Mama mkwe aliingia kwanza. Miwani ilikuwa kwa mkoba. Akatembea hatua tatu, akasimama mbele ya avokado yenye sweta, akanyoosha mkono.

"Chamgei, Kibet."

Mti haukujibu.

"Kibet. Nimekusalimia."

Nyuma yake alikuwa Mama Tecla, mhudumu wetu wa afya, yule anayetembea nyumba kwa nyumba na rejista akigawa neti za mbu. Akamgusa bega. "Mama, huyo ni mti."

"Mti gani una kofia?"

Nikatoka mbio kabla mambo hayajazidi. Nikawasalimia, nikawaeleza kwamba nimekuwa nikitayarisha boma kwa baridi. Mama mkwe akavaa miwani. Akatazama mti. Akatazama bustani. Hakusema neno. Mimi nikadhani amevutiwa mpaka maneno yameisha.

Mama Tecla naye alikuwa ameshafika kwa kidimbwi. Akainama, akashika pindo la neti kwa vidole viwili.

"Mama Cherop, hii si neti nilikupea ya mtoto?"

"Ni hiyo."

"Na nikaandika jina lake kwa rejista."

"Uliandika."

Akatazama samaki. Samaki wakamtazama. "Kwa hivyo ni hawa ndio wako na malaria," akasema.

Nikafungua mdomo nimweleze habari ya barafu. Lakini nikaona mama mkwe ameenda kwa fensi. Alikuwa anapapasa waya na mkono, pole pole, kutoka lango kuelekea choo, kama mtu anayetafuta swichi gizani.

"Sinendet iko wapi?"

Na mimi, kwa fahari, nawaapia, nikamjibu, "Nimeilaza, Mama."

"Umeilaza wapi?"

Nikamwonyesha udongo. Akainama, akaokota kipande kimoja, akakileta karibu na miwani. "Ni hii?"

"Kogo," Cherop akamwambia, maana hivyo ndivyo anavyomwita nyanya yake, "Mama aliikatakata na panga. Ikatoka maziwa."

Mama mkwe akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akafungua mkoba, akatoa uzi na kisu kidogo, akaviweka mapajani. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo liliniogopesha.

"Nilikuja kupima kama itatosha shingo kumi na mbili," akasema. "Wageni wa koito ni kumi na wawili."

"Koito ya... wapi, Mama?"

"Ya hapa. Nilishaamua wiki iliyopita. Nyumba ya Salome ni kubwa lakini nje haina hata jani. Nikasema wageni wetu waingie mahali penye kijani, na wavishwe sinendet ya hapo hapo. Familia nzima hakuna mwingine ako na sinendet ndefu kama hii." Akatazama kile kipande mkononi. "Kama ile."

Ngai wangu.

Kama hiyo haitoshi, simu yake ikalia. Alikuwa Salome, kwa video. Walikuwa wamepanga. Kule kwao ilikuwa asubuhi mapema, uso wake umevimba na usingizi, kofia ya sufu kichwani.

"Mama, nionyeshe boma," akasema. "Nimeamka hivi juu ya hiyo boma."

Mama Tecla akachukua simu, akaizungusha pole pole kutoka upande mmoja mpaka mwingine. Hakuruka hata sehemu moja, yule mama ni mtu wa kazi kamili.

"Hallo?" Salome akasema. "Network imekwama. Naona udongo tu."

"Si network," Mama Tecla akamjibu. "Hiyo ndiyo boma."

Salome akasogeza uso karibu na skrini. "Mama Cherop, nani amekufanyia hivi? Ni ng'ombe?"

Nilitamani sana kusema ni ng'ombe. Ng'ombe wa jirani alikuwa pale pale, angebeba tu hiyo kesi. Lakini Cherop alikuwa ananitazama. "Nilifuata video yako," nikasema.

Nikangoja acheke. Nilikuwa tayari. Matusi nilikuwa nimeyapanga mdomoni kwa mstari, kuanzia jaketi lake mpaka paka wake. Lakini hakucheka.

"Lakini mimi hukata nikilia," akasema. "Huku usipokata barafu inakula mpaka mizizi. Miezi sita naangalia theluji kwa dirisha, hakuna jani, hakuna mtu anapita. Nilituma hiyo video mnionee huruma, na hakuna hata mmoja alisema pole. Wewe uko na kijani mwaka mzima. Kila asubuhi nafungua status yako kwanza niangalie hizo sukuma, nasikia wivu mpaka chai inapoa. Mimi ndiye nilimwambia Mama koito iwe kwako."

Mnaona huo uonevu? Miaka minne nimetunza hasira yangu kwa huyu mwanamke. Nimeipalilia, nimeimwagilia maji. Na yeye anaing'oa kwa dakika moja, akiwa na kofia ya kulalia. Sasa hata haki ya kumchukia nimenyang'anywa. Nilimwambia pole. Ilitoka kama jino.

Simu ikakatika. Mama mkwe akasimama, akarudisha uzi na kisu kwa mkoba.

"Koito itaenda Kapseret."

"Mama, bado kuna siku kumi," nikasema. "Sinendet itaota tena. Nitaimwagilia asubuhi na jioni."

"Itaota urefu gani kwa siku kumi? Wa kuvisha kidole?"

Mama Tecla akageuka kuangalia ng'ombe wa jirani. Mabega yake yalikuwa yanacheza.

"Nataka tu iwe kwangu," nikasema. "Hata mara moja." Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Sijui ilitoka wapi.

Mama mkwe akanitazama sana. Macho yake hayaoni vizuri, lakini hapo nadhani aliona. Akanishika mkono, ukanata, akautazama, akaushika tu hivyo hivyo.

"Ungeniambia," akasema. "Sasa sikiza. Utaenda Kapseret Ijumaa, utashika jikoni, wewe ndiye mwenye nyumba siku hiyo kwa sababu mwenyewe hayuko. Na sinendet ya shingo kumi na mbili utaitafuta wewe. Ulizia majirani, ulizia kanisani. Ukiipata, kata ya kutosha tu. Usilaze boma la mtu."

Wakanywa chai. Mama Tecla akaandika kitu kwa rejista yake, sikuuliza. Akaniambia neti ikikauka niirudishe kwa mtoto, na mpira pia.

Kibet amefika saa kumi na moja. Amesimama langoni na baiskeli yake. Mbele yake hakuna dahlia, hakuna sukuma, hakuna sinendet, boma zima limenyolewa kichwa. Ameangalia pande zote, halafu ameunyooshea kidole mti wa avokado.

"Hiyo si sweta yangu?"

Hilo tu ndilo ameona. Nimempa sukuma.

Kwa hivyo Jumamosi ya wiki ijayo mtanikuta Kapseret, nikiwa mwenye nyumba kwa nyumba ya mtu mwingine, nikikorogea wageni chai kwa jikoni ya mwanamke ambaye anaonea wivu bustani nisiyokuwa nayo tena. Mtu yeyote hapa karibu na Yamumbi aliye na sinendet ndefu, aniandikie kando, nitakuja na heshima na panga nitaliacha nyumbani. Nyinyi wengine, kama ni lazima mcheke, zimeni data kwanza.